Nili kwenye jinzi kuukuu

Maongezi niliyotoa Dar es Salaam mbele ya wabunifu, mafundi cherehani na kina mama wa batiki. Nimeyaandika yalivyotoka mdomoni, kwa hiyo msinisahihishe sana.

Haya jamani, habari za mchana. Shikamooni wakubwa zangu, na vijana wa Kariakoo niliowaona kule nyuma, mambo. Nimeambiwa niongelee nili, ile rangi ya bluu inayotoka kwenye majani ya mmea au kiwandani, na jinzi, na najua wengi mmekuja mkitegemea niwaoneshe namna ya kutengeneza denimu, yaani kitambaa cha jinzi, mpya ya asili, ya kwetu kabisa, tuipeleke Ulaya tukalipwe kwa yuro. Hiyo leo sina. Ninachosema mimi ni kwamba nili ya asili, kwa sisi wa huku, kazi yake ya kwanza ni kurudisha bluu kwenye jinzi ambazo tayari zipo, zile zilizopauka magoti, za mitumba, za kabatini, zile unazovaa siku ya kufua tu. Nitaeleza kwa nini, alafu tutoke nje tuchovye.

Tuanze na kitu ambacho wauzaji wa nguo za asili huwa hawapendi kukisema. Bluu ya kwenye majani na bluu ya kiwandani ni kitu kimoja. Simaanishi zinafanana, namaanisha ile chembe yenyewe ya rangi ni ileile. Mjerumani Adolf von Baeyer alikaa miaka mingi akiitafuta mpaka mwaka 1883 akajua imeundwaje, na Nobel akapewa 1905, alafu kampuni ya BASF ikaanza kuiuza sokoni mwaka 1897. Kilichofuata huko India ni maafa kwa biashara, maana 1897 nili ya majani duniani ilikuwa kama tani 19,000 na ilipofika 1914 zimebaki kama tani 1,000. Leo viwanda vinatumia zaidi ya tani 50,000 za nili ya kutengenezwa kila mwaka, na karibu yote inaishia kwenye jinzi. Suruali moja inakula gramu 3 mpaka 12 tu za rangi, ila zidisheni kwa suruali zote za dunia.

Sasa tofauti iko wapi? Iko kwenye njia. Ya kiwandani inaanzia kwenye mafuta ya petroli, inapitia kemikali inaitwa anilini ambayo ni sumu na mabaki yake kidogo huwa yanabaki ndani ya rangi, ndiyo maana 2018 kampuni ya Archroma ilikuja na nili isiyo na anilini na wenye viwanda wakashtuka kidogo. Alafu ili iyeyuke wanatumia haidro, ule unga wa kuipokonya rangi oksijeni, na kostiki, ile soda kali. Kina mama wa batiki hapa mbele mnacheka, eeh, hivi vitu nyie mnavijua kuliko mimi, mnajua harufu yake na mnajua inavyowasha macho.

Lakini msikimbilie kusema ya majani basi ni safi. Nili ya majani ina historia mbaya sana. Kule Bengal, India, wakulima walilazimishwa kulima nili kwenye mashamba ya mpunga, wakapewa mkopo usiolipika, baba anakufa deni linarithiwa na mtoto, mpaka 1859 wakagoma na kuvamia majengo ya mabwana wa nili. Na Champaran, kule Bihar, kulikuwa na utaratibu kwamba kila sehemu 20 za shamba lako sehemu 3 lazima ziwe nili utake usitake, na Gandhi alikwenda huko 1917 kwa sababu ya hilo hilo. Kwa hiyo mtu akikwambia rangi yake ni ya mmea, sawa, muulize mmea umelimwa na nani, kwenye shamba la nani, na kimeachwa kulimwa nini. Ndani ya jani bichi rangi yenyewe haifiki hata asilimia moja. Ukitaka kuvalisha nchi nzima jinzi mpya za nili ya majani, utaanza kugombania ardhi na mahindi. Mi siko tayari kwa ugomvi huo, sijui nyie.

Na kuna suala la denimu yenyewe. Fundi yeyote hapa akipindua pindo la jinzi anaona ndani ni kweupe. Hiyo ni kwa sababu nyuzi za mtande, zile za urefu, ndizo zilizotiwa bluu kabla ya kufumwa, za mshindio, zile za kukatiza, zimeachwa nyeupe, alafu ufumaji wenyewe ni wa mshazari, mtande unapita juu ya nyuzi tatu unazama chini ya mmoja, kwa hiyo bluu inakaa usoni na nyeupe inakaa mgongoni. Kiwandani nyuzi za mtande zinasokotwa pamoja mamia kwa mamia kama kamba nene, zinapita kwenye birika la rangi, zinapanda juu hewani, zinarudi birikani, mara nyingi, na kila mara rangi inashika nje tu ya uzi, katikati ya uzi panabaki peupe. Ndo maana jinzi inapauka kwa namna ile nzuri, unasugua magoti unakutana na nyeupe ya ndani. Mitambo hiyo sisi wenye vyumba viwili na cherehani tano hatuna. Tunachoweza ni kununua drili nyeupe, kile kitambaa kizito cha pamba, Kariakoo tukaichovya nzima nzima, na inatoka nguo nzuri tu, nimeshona makoti ya drili ya nili na nayapenda, lakini ile si denimu, pande zote mbili ni bluu na inazeeka tofauti. Ukimuuzia mteja ukaiita denimu, anayejua atakuumbua.

Sasa angalia upande wa pili. Pale Karume, Manzese, Memorial kule Moshi, Gikomba kwa ndugu zetu Nairobi, denimu halisi, ya pamba nzito, iliyofumwa vizuri kabisa, imelala chini kwenye turubai. Pamba yake ilishalimwa, maji yake yalishatumika, imeshasafiri. Serikali zetu za Afrika Mashariki 2016 zilikubaliana kuiondoa mitumba taratibu, Wamarekani wakakunja uso, wengi wakarudi nyuma, Rwanda ikabaki na ushuru wake mkubwa na 2018 ikasimamishwa ile nafuu ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa upande wa nguo. Siingii kwenye siasa hiyo leo, kila mtu hapa ana lake. Ninachosema, mzigo upo, na belo likifunguliwa zinazochaguliwa kwanza ni zile zenye bluu yake, zilizopauka zinabaki mpaka jioni zinauzwa kwa bei ya kutupa. Shida ya nyingi katika hizo siyo kitambaa, kitambaa kizima, shida ni rangi. Na rangi iliyotoka pale ni nili, na nili mpya ukiiweka inakaa pale pale ilipotoka ile ya zamani, kwa sababu ni chembe ileile niliyowaambia.

Kuhusu mmea nitapita haraka. Indigofera, ndilo jina la kitaalamu la mmea wa nili, ziko aina mamia na nyingi hazitoi rangi yoyote ya maana, kwa hiyo mtu asikuuzie gunia la majani porini akakwambia ni nili. Zinazotajwa zaidi ni tinctoria, na arrecta ambayo asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini, na mbegu zake ndizo zilizopelekwa Java karne ya 19 kwa sababu zilikuwa na rangi nyingi kuliko za kule. Wakulima wa Java wakatajirisha watu kwa mbegu ya huku, basi. Ni jamii ya kunde, inarutubisha udongo, unaweza kuiweka kwenye mzunguko na mahindi ukavuna majani bila kuua shamba. Unakata majani, unayalowesha ndani ya maji kuanzia jioni mpaka asubuhi, maji yanageuka kijani cha ajabu na yananuka, unatoa majani, unatia chokaa, unayapiga piga maji hayo kwa ndoo au kwa mti mpaka povu libadilike kuwa bluu, unaacha, bluu inazama chini, unamwaga maji ya juu, unachuja tope, unakausha. Majani yaliyobaki ni mbolea. Kama huna shamba nunua nili ya unga iliyokaushwa, ila ujue ya majani siyo safi asilimia mia, rangi halisi inaweza kuwa theluthi tu ya uzito na iliyobaki ni chokaa na mabaki ya majani, kwa hiyo pima kipande kidogo kwanza kila unapofungua pakiti mpya.

Hapa kwenye beseni, yaani ndoo ya kuchovyea, ndo nataka tukae.

Nili haiyeyuki kwenye maji. Ukimwaga unga kwenye ndoo ukakoroga mpaka kesho utapata maji ya bluu na unga umekaa chini, na kitambaa kikiingia kinatoka na vumbi tu, ukisuuza limeondoka. Lazima uigeuze kwanza ipoteze bluu yake, iyeyuke, iingie ndani ya uzi, alafu ikikutana na hewa irudi kuwa bluu na ikwame humo humo. Ili igeuke inahitaji vitu viwili, kitu cha kuipokonya oksijeni, na maji makali, ya chokaa au magadi. Kwenye batiki kazi hiyo inafanywa na haidro na kostiki. Kwenye beseni langu inafanywa na sukari ya matunda, yaani fruktosi, na chokaa. Mfaransa anaitwa Michel Garcia ndiye aliyeisambaza hesabu hii, nayo ni moja, mbili, tatu, yaani nili sehemu moja, chokaa mbili, fruktosi tatu. Ndoo ya lita 20, nili gramu 100, chokaa gramu 200, fruktosi gramu 300, umemaliza.

Sukari ya dukani ya kutia kwenye chai haifai, sukari ile haina nguvu ya kuigeuza nili, msihangaike nayo. Fruktosi ikikosekana chukua ndizi mbivu zile ambazo maganda yameshakuwa meusi na muuzaji anazitoa kwa bei ya kukuonea huruma, au maembe ya msimu, au tende, chemsha, chuja vizuri, tumia maji yake. Ukienda na matunda basi sahau gramu, utafuata macho. Hata hina inafanya kazi hiyo, ile ile ya harusini, ila inakula pesa.

Nili unaanza kwa kuisaga na maji. Chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, nili, maji ya moto kidogo, na gololi za watoto, funga, tikisa mpaka mkono uchoke na usisikie tena chenga chenga. Hatua hii watu wanairuka sana, alafu wanalalamika rangi ina madoa. Maji ya kwenye ndoo yawe moto kama nyuzi 50, unatia nili, unatia fruktosi, alafu chokaa kidogo kidogo ukikoroga taratibu bila kupiga mapovu, kwa sababu kila povu ni hewa na hewa ndiyo adui wa beseni. Vaa glavu. Chokaa inakula ngozi, na ikiruka jichoni ni hospitali. Funika, iache. Baada ya muda ukifunua utakuta juu kuna utando unang'aa rangi ya shaba, na pale katikati povu la bluu nzito limejikusanya. Sukuma utando pembeni kwa kijiko uangalie chini yake, maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yanapenyeza mwanga. Hapo limeamka. Ukiona maji ya chini ni bluu, halijawa tayari, ongeza joto, ongeza tunda, subiri. Na kama umenunua zile karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa maji, ikishuka chini ya 10 rudishia chokaa kidogo. Beseni moja ukilitunza linaishi wiki kadhaa, unalipasha, unalilisha, unaliacha lipumzike, na hapa Dar joto lenyewe linakusaidia.

Haya, jinzi. Kwanza kufua, na siyo kufua kwa kuzugia. Nguo ya mtumba ina dawa, ina mafuta ya mwili ya mtu wa Kanada, ina vile vilainishi vya kufulia vinavyoziba uzi. Maji ya moto, sabuni ya mche, na magadi kidogo. Kama ni drili mpya au kitambaa cha marekani ambacho hakijaguswa, hicho unakichemsha kabisa na magadi mpaka maji yatoke rangi ya kahawia, maana pamba mpya ina nta yake. Alafu bandua ile lebo ya ngozi kiunoni kabla hujaichovya, chokaa inaikausha inakunjamana, utaishona tena baadaye. Jinzi za kuvutika usiziweke kwenye maji ya moto, beseni lipoe kwanza, na zisikae.

Inaingia ikiwa imelowa, imekamuliwa. Iingize kwa upande taratibu ili isibebe hewa, ishike chini ya maji, ifungue fungue mifuko na mapindo kwa vidole, ila usiguse tope la chini, weka kapu la plastiki lenye matundu kuzuia. Dakika tatu, nne. Usipitilize, kwa sababu ile bluu ya zamani iliyobaki kwenye jinzi nayo ni nili, nayo inageuka na kuyeyuka, na ukiiacha sana inahama kwenda kwenye ndoo, umekuja kuongeza rangi unaondoka umepunguza. Itoe ukiikamulia karibu na uso wa maji ili matone yasipige kelele.

Inatoka kijani. Kijani cha njano njano, alafu mbele ya macho yako inaanza kugeuka, kwanza kwenye mikunjo iliyo juu, mapajani, mwisho kwenye mshono wa kati ambao ni mnene, pale kijani kinachelewa kabisa na lazima uuvute vute kwa mikono upate hewa. Ianike, igeuze, isubiri iwe bluu yote, rudi tena. Beseni dhaifu na michovyo mingi ni bora kuliko beseni kali na mchovyo mmoja, ile ya mchovyo mmoja itachuja kwenye kochi la watu na lawama zitakurudia wewe.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni uzi wa kudarizia, ule wa rangi ya chungwa kwenye mifuko. Kwenye jinzi nyingi siku hizi uzi ule ni polista, na nili haishiki polista. Kwa hiyo suruali nzima inazama bluu na mishono inabaki inawaka chungwa vile vile, utadhani umekaa usiku kucha kuishona upya. Magoti yaliyokuwa meupe yanakuwa bluu ya kati, pembeni inakuwa nzito, yaani ramani ya mwenye suruali wa kwanza haifutiki, inatulia tu. Ndani ule weupe wa mshindio unapotea, hilo mwambieni mteja mapema. Na hapa batiki inaingia vizuri mno, kina mama, beseni hili likipoa halizidi joto la kuyeyusha nta, kwa hiyo mfuko wa nyuma unaupiga nta yako, maua yako, unauchovya. Mi sijui kuchora na nta, mkono wangu mzito, lakini nimeona kazi zenu na najua jinzi moja hivyo haiwezi kuuzwa bei ya mtumba.

Ikishafika bluu unayoitaka ianike ikauke kabisa, kesho yake isuuze, alafu maji yenye siki kidogo kuua chokaa, alafu sabuni ya kawaida. Mwambie mteja Jiki hapana. Jiki inaitafuna nili yenyewe, siyo kwamba inaipausha, inaiharibu. Maji ya beseni lililokufa msiyamwage kwenye mtaro yakiwa makali, yaache yatulie, lakini angalau mule hakuna haidro.

La mwisho ni lebo, na hapa naomba tuwe wakali. Jinzi uliyoirudishia rangi usiandike ni ya nili ya asili asilimia mia. Siyo kweli, chini yake kuna nili ya kiwandani iliyokuwepo. Na msidhani haiwezi kujulikana, ya petroli haina kaboni 14, ile aina ya kaboni inayokuwemo kwenye viumbe hai, na ya majani inayo, maabara wakipima wanaona. Andika tu: jinzi kuukuu, imerudishiwa bluu kwa nili ya majani, Dar es Salaam. Mteja mwenye akili analipia hiyo, na pesa yenyewe iko kwenye mikono yako na masaa yako, siyo kwenye rangi, gramu chache za nili haziwezi kuwa kisingizio cha kumpiga mtu bei.

Kuna dada ameinua mkono muda mrefu. Jinzi nyeusi? Nyeusi nyingi siyo nili, ni rangi za salfa, ukiichovya hapa itapata bluu ya kiza fulani hivi, wengine wanaipenda, jaribu na kipande cha pindo kwanza. Na wewe kaka, hapana, shati la polista halitashika kitu, usilipotezee muda, livae tu.

Twendeni nje basi. Beseni limeshaamka, glavu ziko kwenye ndoo nyekundu, na mwenye jinzi yake aanze kuilowesha sasa hivi kwenye lile pipa la mlangoni, maana ikiingia kavu itatoka na mabaka.